Je, "already" ya Kiingereza ni "tayari" ya Kiswahili?

#1 Mwalimu wa Lanet

Habari zenu wanajukwaa. Nafundisha Kiswahili gredi ya 7 hapa Nakuru, na wiki iliyopita nilisahihisha insha ya mwanafunzi mmoja aliyeandika hivi: "Mama alipofika nyumbani, tayari mtoto alikuwa amelala." Nilipiga mstari mwekundu chini ya neno "tayari", nikaandika pembeni "mtoto alikuwa ameshalala", nikamkata alama moja. Kesho yake asubuhi mama yake alikuwa ananisubiri langoni, daftari mkononi, na kabla hatujamaliza salamu alinifungulia katika simu yake taarifa ya habari ambamo msomaji alisema, "Tayari watu wanane wameokolewa." Aliniuliza kwa upole kabisa: ikiwa mtangazaji anasema hivyo na nchi nzima inamsikia, mwanangu amekosea wapi?

Sikuwa na jibu la kumtosheleza, ndiyo maana nimekuja hapa. Dai langu ni hili. Neno "tayari" kwa asili linaeleza hali ya mtu au kitu kilichojiandaa au kuandaliwa: chakula kiko tayari, askari wako tayari, niko tayari kwa safari. Ile maana ya kwamba jambo limetokea kabla ya wakati fulani, au mapema kuliko ilivyotazamiwa, Kiswahili hukibebesha kitenzi chenyewe kwa "-mekwisha" au "-mesha-". Naona kwamba tulipofundishwa Kiingereza na kuambiwa kuwa "already" ni "tayari", tuliichukua tafsiri hiyo ya neno moja tukaipachika kila mahali. Nisahihisheni nikikosea, kwa maana nikiwa nimekosea inanibidi nimrudishie mtoto alama yake.

#2 Karani Mstaafu, Kakamega

Mwalimu, nakuunga mkono, na sababu yangu si ya vitabuni. Nilifanya kazi mahakamani miaka mingi, na sehemu ya kazi ya karani ilikuwa kumtafsiria shahidi maswali ya mawakili. Siku moja wakili alimwuliza bibi mmoja mzee kwa Kiingereza kama marehemu alikuwa "already dead" yeye alipofika pale. Nikatafsiri haraka haraka: "Ulipofika, alikuwa tayari amekufa?" Bibi alinitazama kwa mshangao, akaniuliza, "Alikuwa tayari kwa nini?" Chumba kizima kilinyamaza. Nikarudia: "Ulipofika, alikuwa ameshakufa?" Akajibu papo hapo, "Ndiyo, alikuwa ameshakufa, hata mkono ulikuwa umepoa."

Katika kesi ile jibu hilo lilikuwa na uzito mkubwa, kwa sababu suala zima lilikuwa nani alimkuta mtu yule akiwa hai. Tangu siku hiyo sikutumia tena "tayari" kwa maana hiyo mbele ya shahidi.

#3 Nyar Nyakach

Asanteni kwa uzi huu. Mimi nakataa, na naomba nieleze kwa utaratibu.

Kwanza, Karani, nadhani bibi yule alichanganywa na mahali neno lilipokaa, wala si neno lenyewe. Ulisema "alikuwa tayari", na sikio la Mswahili likisikia "alikuwa tayari" linangoja kuambiwa alikuwa tayari kwa jambo gani. Lau ungeanza na "Tayari alikuwa amekufa ulipofika?" pengine angekuelewa bila shida. Yule mtoto wa Mwalimu aliliweka mwanzoni mwa kishazi, nami naona aliliweka mahali pake.

Pili, sikubali kwamba "tayari" na "-mesha-" zinafanya kazi moja. Msomaji wa habari anaposema "Tayari watu wanane wameokolewa", mimi ninayesikiliza nikiwa jikoni najua kwamba kazi inaendelea na idadi itapanda. Akisema "Watu wanane wameshaokolewa", naona kama hesabu imekaribia kufungwa. Hizo ni habari mbili, na mtu anayezitofautisha hajaiga Kiingereza.

Tatu, hata Dholuo tunalo jambo hili ndani ya kitenzi. Tunasema "asechiemo", yaani nimeshakula, na ambaye hajala anasema "pok achiemo". Hiyo "-se-" yetu na "-sha-" ya Kiswahili bila shaka ni ndugu.

#4 Mzaliwa wa Lamu, Mkazi wa Njoro

Dada Nyar Nyakach, hoja yako ya pili ni nzito na nitairudia, lakini ya tatu lazima niisahihishe. Undugu huo haupo. Dholuo ni lugha ya Kiniloti na Kiswahili ni cha Kibantu, na "-sha-" tunajua ilikotoka: ni kitenzi "kwisha", yaani kufikia mwisho, kilichochakaa kwa matumizi. Mtu alisema "amekwisha kula", ulimi ukafupisha ikawa "ameshakula", na kwetu pwani tukaendelea kufupisha hadi "keshakula". Nilipokuwa mdogo mtu akibisha hodi na kumwulizia baba, mama alijibu kutoka ndani kwa neno moja, "Keshatoka", na mgeni akajua pia kwamba alichelewa. Kufanana kwa "-se-" na "-sha-" ni sadfa ya sauti tu.

Lakini hebu tuone "kwisha" inatufundisha nini. Kiswahili kilipotaka kusema kwamba jambo limetangulia, kilichagua picha ya kumaliza: mla amemaliza kula. Kiingereza kilichagua picha nyingine, kwa kuwa "already" ni maneno mawili yaliyoshikana, "all" na "ready", yaani kuwa tayari kabisa. Ndiyo maana kamusi zinatutuma kwenye "tayari". Mwalimu yuko sahihi kwamba tumebeba picha ya wenyewe. Hilo halinikasirishi, ila nataka tujue kwamba tumeibeba.

#5 Msomaji wa Neno, Bungoma

Bwana asifiwe. Watafsiri wa Biblia walilikabili tatizo hili kabla yetu, tena wakiwa na hofu ya Mungu katika kila neno. Tazameni Yohana 3:18. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inasema asiyeamini "is condemned already". Biblia ya Kiswahili ya Union, ya 1952, inasema: "asiyeamini amekwisha kuhukumiwa." Hakuna "tayari" hapo. Nendeni Wafilipi 3:12, ambapo Kiingereza kina "already" mara mbili katika sentensi moja, na Kiswahili kinasema: "Si kwamba nimekwisha kufika, au nimekwisha kuwa mkamilifu." Mara mbili "nimekwisha", wala hakuna "tayari" hata moja. Mimi kwangu swali limefungwa.

#6 Kijana wa Kondele

Mzee Msomaji wa Neno, usilifunge kabla ya kufungua ukurasa unaofuata. Yohana 4:35: "mkayatazame mashamba, ya kuwa yamekuwa meupe, tayari kwa mavuno." Na ile ya 1611 inasema "white already to harvest". Hiyo hapo "already", na hiyo hapo "tayari". Mwalimu wa Lanet angewakata alama watafsiri?

#7 Msomaji wa Neno, Bungoma

Kijana, umesoma vizuri na nimefurahi, lakini hebu usome tena polepole. Kiswahili hakisemi kwamba mashamba tayari yamekuwa meupe. Kinasema yamekuwa meupe, kisha kinaongeza "tayari kwa mavuno", yaani yako katika hali ya kuvunwa. Hiyo ni "tayari" ya chakula kiko mezani, ile ile ambayo Mwalimu ameikubali katika ujumbe wa kwanza. Ya wakati imebebwa na "yamekuwa".

#8 Kijana wa Kondele

Nimekubali nusu. Nusu nyingine ni hii: katika mstari huo mtu anaweza kusoma yote mawili kwa pamoja, kwa sababu shamba lililo tayari kuvunwa ni shamba ambalo limeshakomaa kabla ya mvunaji kulitarajia, na Yesu mwenyewe anawaambia wasiseme kwamba bado kuna miezi minne. Huenda maana ya wakati ilizaliwa katika sentensi za namna hii, bila kungojea Kiingereza.

#9 Mwalimu wa Lanet

Kijana wa Kondele, hilo sikuwa nimelifikiria, na naona linagusa kiini. Nampa mtoto nusu alama kwa sasa, nikiendelea kuwasikiliza.

#10 Mkalimani wa Milimani

Salamu kutoka Kisumu. Kazi yangu ni kukalimani katika mikutano, na neno hili hunisumbua kuliko maneno marefu ya kisayansi, kwa sababu msemaji hulitamka bila kufikiri na mimi napaswa kuamua katika nusu sekunde.

Naona tumezungumza kana kwamba "already" ni neno la wakati tu. Sivyo. Ni neno la matarajio. Mwingereza akiuliza "Have you eaten yet?" anataka habari tu, akiuliza "Have you eaten already?" anashangaa kwamba umekula mapema hivyo. Tukio ni lile lile, saa ni ile ile, kilichobadilika ni kile alichokuwa akikitazamia moyoni. Wataalamu wa lugha wamelichunguza sana jambo hili, akiwamo Mjerumani Sebastian Löbner, aliyeandika mwaka 1989 kuhusu "schon" ("already" yao) na "noch" ("bado" yao) za lugha yake, akaonyesha kwamba maneno haya huenda kwa jozi: ukilikana moja kwa njia fulani unapata jingine. Kiswahili kinaonyesha jozi hizo waziwazi. Ameshalala, hajalala, bado amelala, halali tena. Mtoto yule yule, usiku ule ule, na kila sentensi inaonyesha upande mmoja wa mpaka kati ya kuwa macho na kulala, pamoja na upande ambao msemaji alidhani yuko.

Tena mpaka wenyewe si lazima uwe wa wakati. Ukitoka Kisumu kwenda Busia, unaweza kumwambia mgeni kwamba Maseno bado ni Kisumu, lakini Luanda tayari ni Vihiga. Hakuna kilichotokea. Luanda haikuhama. Kinachosafiri ni akili ya msikilizaji juu ya ramani. Hapo sasa nimwulize Mwalimu: utasema nini bila "tayari"? "Luanda imeshakuwa Vihiga" itamfanya mgeni adhani mipaka ya kaunti imebadilishwa juzi.

#11 Dereva wa Njia ya Busia

Nimesoma yote nikingoja abiria. Mkalimani, mfano wako wa njia ni wa kweli, ila jibu la swali lako sisi tunalo kila siku. Abiria akiniuliza tumefika wapi, namwambia, "Ukifika Luanda umeshaingia Vihiga." Simwambii Luanda tayari ni Vihiga. Namweka yeye katika mwendo, kisha "-mesha-" inafanya kazi yake. Pale Maseno, penye alama ya ikweta, wageni hupenda kuuliza wako upande gani wa dunia, na jibu ni la namna hiyo: umeshavuka, au hujavuka.

#12 Mkalimani wa Milimani

Dereva, nakushukuru, na nakiri kwamba sentensi yako ni bora kuliko yangu. Lakini umelazimika kumtia msafiri ndani yake. Mtu anayeangalia ramani ukutani, ambaye haendi popote, bado hana njia ya kusema isipokuwa kwa "tayari". Vivyo hivyo kwa idadi. Mama akiambiwa wageni ni watatu na wengine wanakuja, akasema "Watatu tayari ni wengi", mnaweza kuisema hiyo kwa "-mesha-"? Mimi sijaweza.

#13 Muuguzi wa Kisumu

Nimetulia nikisoma, lakini hili linahusu kazi yangu na siwezi kunyamaza. Karani wa Kakamega alisema kwamba "tayari" ilimchanganya shahidi. Mimi niliona kinyume chake. Tuliletewa fomu ya maswali iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza, na mojawapo ya maswali lilitaka kujua kama mgonjwa alikuwa amemeza dawa za siku hiyo kabla ya kuja kliniki. Aliyetafsiri alijali sana Kiswahili safi, akaandika: "Je, umekwisha kunywa dawa?"

Mama mmoja, ambaye nilijua ni mwangalifu sana, alijibu "La." Nikaandika La. Kisha akafungua mkoba, akatoa pakiti na kunionyesha: "Zimebaki vidonge kumi na viwili." Alikuwa amemeza za asubuhi kama kawaida. Yeye alisikia "kwisha" kwa maana yake kamili, kama alivyoieleza Mzaliwa wa Lamu: kumaliza, pakiti kuwa tupu. Ningeamini jibu lake la kwanza ningempa dozi nyingine juu ya ile aliyomeza. Kwa hiyo msituambie kwamba "-mekwisha" ni salama kila mahali. Swali la "Tayari umekunywa dawa za leo?" lisingemletea hatari hiyo.

#14 Mzaliwa wa Lamu, Mkazi wa Njoro

Muuguzi, pole kwa mkasa huo, na heri uliuona mkoba. Nadhani kosa la mtafsiri lilikuwa kuacha umbo refu. "Umekwisha kunywa" bado lina harufu ya kumaliza. "Umeshakunywa" au "ushakunywa" limeipoteza kabisa, kwa sababu kitenzi kimegeuka kuwa kiambishi. Angesema "Ushakunywa dawa za leo?" mama yule angejibu "Nshakunywa" bila kufungua mkoba. Na neno "leo", ambalo naona fomu haikuwa nalo, lingemwokoa kila mtu.

#15 Muuguzi wa Kisumu

Ni kweli, "leo" haikuwamo. Lakini kumbuka kwamba wagonjwa wangu wengi Kiswahili ni lugha yao ya pili au ya tatu, na "ushakunywa" kwa sauti ya haraka huwapita. "Tayari" ni neno zima, lina silabi tatu, linasikika.

#16 Mzee wa Molo

Vijana, mmezungumza vizuri. Mzaliwa wa Lamu amesema kwamba Kiingereza kilifika kwenye "already" kwa kupitia "kuwa tayari kabisa". Basi mimi nauliza: ikiwa Waingereza wa karne ya 14 waliruhusiwa kulitoa neno la maandalizi na kuligeuza kuwa la wakati, kwa nini mjukuu wa Lanet anakatwa alama kwa kupita mlango huo huo?

Isitoshe, "tayari" yenyewe ilikuja kwetu kutoka ng'ambo ya bahari. Neno hili liko katika Kiajemi na Kihindi, na asili inayotajwa mara nyingi ni shina la Kiarabu lenye maana ya kuruka angani. Wapo wanaoeleza kwamba lilitoka kwa wafugaji wa ndege wawindaji: kipanga aliyekomaa na kufunzwa, ambaye sasa anaweza kuachiwa aruke, ndiye aliyekuwa tayari. Kwa shina hilo hilo tuna "tiara", kile kishada ambacho watoto hurusha upepo ukivuma. Neno lililoanza na kuruka likawa kujiandaa halizuiliki kuwa la wakati.

#17 Karani Mstaafu, Kakamega

Mzee wa Molo, heshima yako. Nakubali kwamba maneno husafiri, lakini safari ya Kiingereza iliwachukua wasemaji wake vizazi vingi, wakaifika wenyewe. Sisi hatukusafiri. Tulikuta mwisho wa safari ya wengine umeandikwa ubaoni: "already, tayari." Ningependa mtu anionyeshe mzee asiyejua Kiingereza kabisa anayeanza sentensi kwa "tayari" kwa maana ya wakati. Mimi huko vijijini sikumsikia.

#18 Nyar Nyakach

Karani, mzee asiyejua Kiingereza kabisa lakini anayesikiliza redio tangu zamani, huyo unamhesabu upande gani? Bibi yangu haongei Kiingereza hata neno, na juzi aliniambia kwa simu, "Tayari mvua imeanza huku." Alijifunza Kiswahili chake sokoni Kibuye na kwenye redio.

#19 Baharia Aliyerudi Nyumbani

Nilifanya kazi melini, nami nina la kuongeza kuhusu Kiingereza chenyewe, kwa sababu mnalijadili "already" kana kwamba ni neno moja. Mwingereza hupenda kusema "I have already eaten". Mmarekani husema "I already ate" bila wasiwasi wowote. Tena Mmarekani akichoka na jambo husema "Enough already!", ambapo neno halina wakati ndani yake, ni kukosa subira tu, hiyo waliirithi kutoka kwa Wayahudi waliohamia huko na Kiyidi chao, ambacho neno lake "shoyn" hufanya kazi hiyo. Na tulipotia nanga Singapuri nilisikia wenyeji wakisema "I eat already", neno likiwa mwishoni kama muhuri wa kwamba jambo limefanyika, kwa kufuata Kichina na Kimalei cha kwao. Mtu wa Singapuri alikopa neno la Kiingereza akalipa kazi ya "-mesha-". Sisi tumefanya kinyume: tumechukua kazi ya neno la Kiingereza tukaipa neno letu.

#20 Mwalimu wa Lanet

Baharia, umenifungua macho katika jambo moja. Wanafunzi wangu wengine huandika "Tayari nilikula", kwa "-li-", na nilikuwa sielewi inakotoka. Sasa naona ni "I already ate" ya filamu. Hiyo nitaendelea kuikataa. Kwangu "tayari" ikikaa na "-me-" inavumilika. Ikikaa na "-li-" peke yake, kitenzi kinasema jambo limepita na kuachwa huko nyuma, ilhali "tayari" inasema bado linatuhusu sasa.

#21 Kijana wa Kondele

Nashangaa kwamba hakuna aliyetaja neno tunalotumia zaidi ya yote huku kwetu, nalo ni "kitambo". Ukimwuliza mtu kama basi la Nakuru limeondoka, hatakwambia "tayari limeondoka" wala "limeshaondoka". Atakwambia "Limetoka kitambo", hata kama lilitoka dakika tano zilizopita na moshi wake bado unaonekana. Anakuambia kwamba matumaini yako yamechelewa, na hiyo ndiyo "already" ya Mkalimani, ile ya matarajio.

#22 Mzaliwa wa Lamu, Mkazi wa Njoro

Kwetu "kitambo" ni kipindi, nacho huwa kirefu kidogo au kifupi kwa kadiri ya sentensi, lakini basi lililotoka dakika tano hatuwezi kulipa kitambo. Hata hivyo, nimeishi Njoro muda wa kutosha kujua kwamba ulichosema ni kweli kwa huku. Niliwahi kukimbia hadi kituoni nikiambiwa gari limetoka kitambo, nikalikuta linageuza.

#23 Mwalimu wa Lanet

Leo asubuhi nimefanya jaribio dogo darasani. Niliandika ubaoni "Nilipofika kituoni, gari" nikaacha nafasi, nikawaambia wanafunzi wakamilishe sentensi ili msomaji ajue kwamba nilichelewa. Nilitazamia kuhesabu "tayari" upande mmoja na "-mesha-" upande mwingine. Wengi wao hawakutumia lolote kati ya hayo. Waliandika tu "lilikuwa limeondoka". Wachache waliandika "lilikuwa limeshaondoka", wawili wakaandika "lilikuwa tayari limeondoka", na msichana mmoja anayeketi dirishani akaandika "lilikuwa limetoka kitambo", kwa hiyo Kijana wa Kondele ana mwenzake huku Lanet. Yule mtoto wa insha aliandika "limeshaondoka", kisha akanitazama kuona kama nitafurahi. Sikujua nimwambie nini.

#24 Karani Mstaafu, Kakamega

Hao waliosema "limeondoka" tu wanatuambia kwamba "-me-" yenyewe inatosha. Ingenitosha hata mimi siku ile mahakamani: "Ulipofika, alikuwa amekufa?"

#25 Mkalimani wa Milimani

Isingekutosha, Karani. "Alikuwa amekufa?" inauliza hali. Wakili alikuwa anauliza mpangilio: kifo kwanza au wewe kwanza. Ukiondoa "-sha-", shahidi anaweza kujibu "ndiyo" kwa mtu aliyekata roho mbele yake.

#26 Nyar Nyakach

Na kwa watoto wa Lanet, "nilipofika" ndiyo iliyofanya kazi ya mpangilio, ndiyo maana hawakuhitaji zaidi. Mwalimu, jaribu tena bila "nilipofika". Wape "Gari" peke yake uone wataandika nini. Halafu naomba uniambie: ile nusu alama nyingine mtoto amepewa au hajapewa?

#27 Mwalimu wa Lanet

Hajapewa. Nitajaribu hiyo ya "Gari" Jumatatu.

#28 Muuguzi wa Kisumu

Mimi nimerudi tu kuwaambia kwamba fomu tumeiandika upya leo kwa mkono, wakati tukingoja waliotuletea watujibu. Tulibishana kati ya "tayari" na "ushakunywa" hadi saa ya chai, kisha mwenzangu akachukua kalamu akaandika: "Leo asubuhi umemeza vidonge vingapi?" Mama wa kwanza kuulizwa alijibu "Viwili", na hakufungua mkoba.